Sura ya Tano: Suluhisho Linapotoka Mezani kwa Msanifu

Usanifu wa kihandisi, yaani kazi ya kuamua umbo, vipimo, malighafi na mpangilio wa kitu kabla hakijatengenezwa, huelezwa mara nyingi kana kwamba unakamilika pale hesabu zinapokubali na msanifu anapoweka kalamu chini. Maelezo hayo yana upungufu mkubwa, kwa kuwa katika mradi wowote wenye uzito anayesanifu si yeye anayejenga, anayejenga si yeye anayekagua, na anayekagua si yeye atakayekitumia na kukikarabati kitu hicho miaka thelathini baadaye. Na kinachopita kati ya watu hao si wazo lililomo kichwani mwa msanifu, bali ni karatasi, mafaili ya kompyuta na maneno. Suluhisho ambalo halikuandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kulitekeleza bila kumtafuta mwenyewe kwa simu ni nusu ya suluhisho, hata kama hesabu zake ni sahihi hadi desimali ya mwisho. Sura hii inahusu nusu ya pili, ambayo vyuo huipitia kwa haraka na ambayo kupuuzwa kwake kulichangia baadhi ya maafa makubwa ya kihandisi ya karne ya 20.

Chombo kikuu cha kazi hii ni mchoro. Mwanahisabati Mfaransa Gaspard Monge, akiwa katika shule ya wahandisi wa kijeshi ya Mézières katika miaka ya 1760, alibuni utaratibu wa kuonyesha umbo lenye pande tatu kwa michoro miwili bapa inayohusiana, mmoja ukilitazama umbo kutoka juu na mwingine kutoka mbele, kiasi kwamba mahali pa kila nukta hupatikana kwa kuisoma michoro yote miwili kwa pamoja. Jeshi liliitambua thamani yake na likaufanya siri kwa miaka mingi, na mafunzo hayo hayakutoka kama kitabu hadi 1799. Kilichofichwa hapo hakikuwa silaha wala ngome, bali ni namna ya mtu mmoja kumweleza mwingine jambo la kujengwa bila ya kubakiza nafasi ya kukisia.

Hata utaratibu huo una matawi mawili yanayoweza kumpotosha fundi mzoefu. Katika njia iitwayo pembe ya kwanza, inayotumika sana Ulaya, mwonekano wa kutoka juu huchorwa chini ya mwonekano wa mbele. Katika pembe ya tatu, iliyozoeleka Marekani, mwonekano huohuo huchorwa juu yake, na vivyo hivyo mionekano ya kulia na kushoto hubadilishana nafasi. Fundi anayesoma mchoro wa njia moja akidhani ni wa njia nyingine hutengeneza kitu kilichogeuka, chenye matundu ya kulia yakiwa kushoto, na hakuna kipimo hata kimoja kitakachokuwa na kosa. Ndiyo maana kwenye kisanduku cha maelezo, ambacho kwa kawaida hukaa pembe ya chini kulia ya karatasi, huwekwa alama ndogo ya pia iliyokatwa ncha pamoja na duara mbili, ili msomaji ajue ni njia ipi iliyotumika. Kisanduku hichohicho ndicho kinachobeba jina la mradi, namba ya mchoro, skeli, vizio vya vipimo, jina la aliyechora, la aliyehakiki na la aliyeidhinisha, pamoja na herufi au namba ya toleo. Wanafunzi wengi hukijaza mwisho, wakiwa wamechoka. Msomaji makini hukianza kwanza.

Mchoro, hata uliokamilika, una jambo moja usiloweza kulisema peke yake, nalo ni sababu. Unaonyesha kwamba boriti ina kina cha milimita 450, lakini hauonyeshi kama kina hicho kilitokana na mzigo, na kanuni ya usalama wa moto, au na matakwa ya mwenye nyumba aliyetaka dari ifanane na ya chumba cha pili. Kwa sababu hiyo mradi unaoendeshwa vizuri huambatanisha michoro na nyaraka nyingine: masharti ya mradi, yaani orodha ya mambo ambayo suluhisho ni lazima litimize, jedwali la hesabu, linaloonyesha mizigo iliyodhaniwa na kanuni zilizotumika, maelezo ya ubora wa malighafi na kazi, na taarifa ya msingi wa usanifu, ambayo hueleza ni njia zipi mbadala zilizofikiriwa na kwa nini zikaachwa. Nyaraka hii ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, kwa kuwa haidaiwi na fundi wala haiongezi malipo, ingawa ndiyo pekee inayoweza kumzuia mtu wa baadaye asiondoe kitu ambacho kwa macho yake kinaonekana kuwa cha ziada.

Gharama ya kuacha sababu nyuma ilionekana katika hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, jimboni Missouri nchini Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1980. Ndani ya ukumbi wake mkubwa wa mapokezi mlikuwa na vivuko vya kupitia watu, kila kimoja chenye urefu wa karibu mita 37, vilivyoning'inizwa kutoka kwenye paa badala ya kusimamishwa juu ya nguzo, ili ukumbi ubaki wazi. Kivuko cha ghorofa ya pili kilikuwa moja kwa moja chini ya kile cha ghorofa ya nne. Katika usanifu wa awali vivuko hivyo viwili vilibebwa na vyuma vilevile vya duara vyenye kipenyo cha milimita 32, ambavyo vilishuka kutoka kwenye paa, vikapenya boriti za kivuko cha juu, vikaendelea bila kukatika hadi kwenye kivuko cha chini, na kila kivuko kikakaa juu ya nati na washa zake chenyewe.

Kwa karakana iliyopewa kazi ya kutengeneza vyuma hivyo, mpangilio huo ulikuwa kero. Nati ya kivuko cha juu ilikuwa katikati ya chuma, kwa hiyo ili ifike mahali pake ingebidi sehemu ndefu ya kila chuma ichongwe nyuzi za kuzungushia nati, kutoka ncha ya chini hadi kimo cha ghorofa ya nne, na nyuzi hizo zisigongwe wala kuharibika wakati vyuma vinanyanyuliwa. Karakana ikapendekeza suluhisho jepesi: chuma kimoja kirefu kigawanywe kuwa viwili, cha kwanza kitoke kwenye paa na kuishia kwenye boriti ya kivuko cha juu, na cha pili kianzie kwenye boriti hiyohiyo, sentimita chache pembeni, na kushuka hadi kivuko cha chini. Kwa mtu anayetazama mchoro pekee, tofauti ni ndogo mno: tundu moja la ziada kwenye boriti na nati moja zaidi.

Kwa mtu anayefuata njia ya mzigo, tofauti ni kubwa mno. Ni sawa na watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja akiishika kwa mikono yake, kisha yule wa chini akaambiwa aiachie kamba na kushika miguu ya mwenzake: kamba inabeba uzito uleule kama mwanzo, lakini mikono ya yule wa juu sasa inabeba watu wawili. Katika mpangilio mpya nati iliyo chini ya boriti ya kivuko cha juu, ambayo awali ilibeba kivuko kimoja, ikawa inabeba vyote viwili. Na boriti yenyewe haikuwa chuma kizima. Ilikuwa sanduku lililopatikana kwa kuchomelea vyuma viwili vya umbo la mfereji vikiwa vimeelekeana midomo, na tundu la chuma cha kuning'inizia likatobolewa palepale kwenye mshono wa kuchomelea, mahali dhaifu kuliko pote. Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, wakati watu wapatao 1,600 walikuwa wamekusanyika ukumbini kwa ajili ya dansi, nati zilipenya midomo hiyo ya boriti, kivuko cha ghorofa ya nne kikaangukia cha ghorofa ya pili, na vyote viwili vikaangukia watu. Walikufa 114 na wengine zaidi ya 200 walijeruhiwa.

Uchunguzi wa taasisi ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia viwango uligundua kwamba kiungo kilichojengwa kilikuwa na uwezo wa takribani asilimia 30 tu ya ule uliotakiwa na kanuni za ujenzi za mji huo. Uligundua pia jambo lililowashtua wahandisi zaidi, kwamba hata kiungo cha awali, kabla ya mabadiliko, kingefikia asilimia 60 hivi. Kwa maneno mengine, hakuna aliyekuwa amekikokotoa kiungo kile kwa ukamilifu. Ofisi ya wahandisi ilikichora kwa jumla, ikitarajia kwamba, kama ilivyokuwa desturi katika ujenzi wa chuma, karakana ingemalizia maelezo ya viungo. Karakana ilikiona kwenye mchoro na kudhani kuwa kimekwisha kusanifiwa. Na kazi ya kuchora ilipohamishiwa ofisi nyingine ya nje, dhana hiyo ilihama nayo. Pande zote zilikuwa na karatasi ileile mkononi, na kila upande uliisoma kama uthibitisho kwamba mwingine ameshafanya kazi.

Mambo mawili katika historia hiyo yanastahili kutazamwa kwa karibu kuliko yanavyotazamwa kwa kawaida. La kwanza ni kwamba mchoro wa mkono wa mwanzoni ulikuwa na maandishi yaliyotaja nguvu ya chuma cha kuning'inizia, megapaskali 413, na maandishi hayo yakapotea wakati mchoro unahamishiwa kwenye karatasi rasmi, hivyo mjenzi akafuata maelezo ya jumla na kutumia chuma cha megapaskali 248. Upotevu huo haukuwa chanzo cha ajali, kwa kuwa vyuma havikukatika, lakini unaonyesha jinsi taarifa inavyodondoka njiani bila mtu yeyote kuamua kuitupa. La pili ni simu. Upande wa karakana ulidai kwamba mabadiliko ya kugawanya vyuma yaliombwa na kukubaliwa kwa simu. Upande wa wahandisi haukukubali kwamba mazungumzo hayo yalifanyika. Na hapakuwa na kumbukumbu iliyoandikwa ya kuamua nani anasema kweli. Kilichokuwepo ni michoro 42 ya karakana, yaani ile inayoonyesha jinsi kila kipande kitakavyotengenezwa, iliyopitiwa na ofisi ya wahandisi na kurudishwa Februari 1979 ikiwa na muhuri wa kukubaliwa. Vyuma viwili badala ya kimoja vilikuwa vimechorwa humo waziwazi.

Mamlaka ya Missouri ilishikilia muhuri huo. Hoja kwamba desturi ya tasnia iliwaachia watengenezaji viungo haikuwasaidia wahandisi wawili waliohusika, na leseni zao za kufanya kazi jimboni humo zilifutwa. Uamuzi huo ulikuwa mkali, na wapo waliouona kuwa uliwabebesha watu wawili dhambi ya mfumo mzima; hata hivyo ulikuwa sahihi, kwa sababu muhuri usiomaanisha kwamba aliyeugonga amesoma na kuelewa ni wino tu, na mfumo unaotegemea wino wa namna hiyo hauna mlinzi hata mmoja.

Kutokana na hayo inaeleweka kwa nini nyaraka za mabadiliko zina uzito kuliko nyaraka za awali. Usanifu wa kwanza hupitiwa na macho mengi, kwa muda wa kutosha, wakati mradi bado uko mezani. Mabadiliko huja wakati zege limeshaagizwa, vibarua wanasubiri na mkandarasi anahesabu siku. Utaratibu wenye busara unataka kila badiliko liombwe kwa maandishi, lirudi kwa msanifu yuleyule au kwa mwenye mamlaka sawa na yake, lipitishwe kwenye hesabu zilezile zilizopitisha suluhisho la awali, kisha litolewe kama toleo jipya la mchoro lenye herufi yake, tarehe yake na mstari wa mawimbi unaozungushiwa sehemu iliyobadilika ili msomaji asilazimike kulinganisha karatasi mbili kwa macho. Toleo la zamani linapaswa kuondolewa eneo la ujenzi, jambo ambalo ni jepesi kuandikwa kuliko kutendwa, kwa kuwa nakala iliyochakaa, yenye vumbi la saruji na alama za vidole, ndiyo ambayo msimamizi ameizoea na ndiyo iliyogongewa misumari kwenye ubao wa stoo. Siku hizi tatizo limehamia pia kwenye simu za mkononi: picha ya mchoro iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp hubaki humo milele, mara nyingi ikiwa imekatwa pembeni, na sehemu inayokatwa kwanza ni kile kisanduku cha pembeni chenye namba ya toleo.

Pale ambapo mradi una timu zaidi ya moja, hatari huhamia kwenye mpaka kati yao. Chombo cha anga za juu cha Mars Climate Orbiter, kilichorushwa na Marekani tarehe 11 Desemba 1998, kilipotea Septemba 23 mwaka uliofuata kilipoifikia sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ya kompyuta iliyoandikwa na kampuni iliyokitengeneza ilitoa matokeo ya msukumo wa injini ndogo kwa vizio vya paundi, ilhali timu ya uongozaji safari iliyasoma kama nyutoni. Paundi moja ya nguvu ni sawa na nyutoni 4.45, kwa hiyo kila msukumo ulihesabiwa pungufu kwa kiasi hicho, na kosa likajilimbikiza kwa miezi. Chombo kilichotarajiwa kupita kilomita zipatazo 226 juu ya sayari kilikadiriwa baadaye kuwa kilipita kilomita 57, ilhali chini ya kilomita 80 kisingeweza kusalimika. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba waraka wa mpaka, yaani makubaliano yaliyoandikwa kuhusu umbo na vizio vya taarifa zinazobadilishanwa, ulikuwepo na ulitaja wazi kwamba vizio ni vya metriki. Hapakuwa na upungufu wa nyaraka. Palikuwa na upungufu wa mtu aliyepewa jukumu la kuthibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachofanyika. Wataalamu wa uongozaji waliona mapema kwamba namba haziendani vizuri na mwendo halisi wa chombo, lakini wasiwasi wao ulipita kwa barua pepe badala ya utaratibu rasmi wa kuripoti hitilafu, ukayeyuka.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Mirihi ili kulielewa tatizo hilo. Katika duka lolote la vifaa vya ujenzi nondo huulizwa kwa milimita, mbao kwa inchi kama mbili kwa nne, bomba kwa robo tatu au nusu, bati kwa geji na urefu wa ukuta kwa futi, na mafundi huhama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kwa wepesi unaostahili sifa. Wepesi huo ni mali pale watu wanapoonana uso kwa uso. Kwenye waraka unaosomwa na mtu asiyekuwepo, kila namba isiyo na kizio ni swali.

Zaidi ya wajenzi na timu jirani kuna msomaji wa tatu, ambaye ni yule anayeamua: mteja, meneja, mfadhili, bodi. Huyu hasomi michoro wala hesabu kwa undani, na mhandisi hulazimika kuyageuza matokeo yake kuwa maelezo mafupi bila ya kuyaua. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusaidia chombo cha anga za juu cha Challenger walishauri, katika mkutano wa simu, kwamba kisirushwe katika baridi iliyotabiriwa, kwa sababu pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hukakamaa zikiwa baridi. Walikuwa na hoja ya kweli, lakini chati zao, zilizoandaliwa kwa saa chache, zilionyesha vipande vya ushahidi vilivyotawanyika, na hakuna hata moja iliyopanga safari zote zilizotangulia kwa mpangilio wa joto. Chombo kilirushwa hata hivyo, na tume iliyochunguza ajali iliyotokea ilifanya kazi hiyo baadaye: katika safari zote 4 zilizoondoka maungio yakiwa na joto la nyuzi 18 za Selsiasi hivi au chini ya hapo, dalili za hitilafu zilionekana, na katika safari 20 za joto zaidi ya hapo zilionekana kwenye 3 tu. Si haki kusema kwamba chati mbovu ndizo zilizoua wanaanga 7 asubuhi iliyofuata, kwa kuwa wakuu waliokuwa na shinikizo la ratiba waliyasikia maonyo na wakayabatilisha. Lakini mezani hapakuwa na mchoro mmoja ambao ungefanya ubatilishaji huo kuwa mgumu kutetewa, na takwimu za kuuchora zilikuwepo.

Somo la kiufundi hapo ni mahususi zaidi kuliko ushauri wa jumla wa kuandika kwa uwazi. Anayewasilisha suluhisho kwa waamuzi anapaswa kuanza na uamuzi unaotakiwa, afuatishe ushahidi wote unaohusika ukiwemo ule wa safari zisizo na hitilafu, na aseme bayana ni nini kitatokea akipuuzwa.

Hatua ya mwisho ya uandikaji wa suluhisho hufika wakati ambapo karibu kila mtu ameshapoteza hamu nayo. Jengo halijengwi jinsi lilivyochorwa, kwa sababu mwamba hukutwa mahali pasipotarajiwa, bomba hukwepeshwa nguzo na soketi huhamishwa kwa ombi la mwenye nyumba, na ndiyo maana mikataba mingi hudai michoro ya kilichojengwa, yaani seti ya michoro iliyosahihishwa ili kuonyesha hali halisi iliyopo ndani ya kuta na chini ya ardhi. Mara nyingi michoro hiyo hutolewa kwa kubadilisha jina tu kwenye michoro ya awali na kuigonga muhuri mpya, kisha miaka kadhaa baadaye fundi anayetafuta bomba lililoziba huvunja sakafu mahali ambapo karatasi inaonyesha na kukuta udongo mtupu, au hutoboa ukuta na kukutana na waya wa umeme ambao kwa mujibu wa mchoro haupo. Mteja anayekabidhiwa jengo, mtambo au barabara adai michoro hiyo, ailinganishe mwenyewe na kazi iliyofanyika katika sehemu mbili au tatu atakazozichagua, na afanye hivyo kabla ya kulipa salio la mwisho, kwa kuwa baada ya hapo hakuna atakayerudi kuichora.